Kifaa Kipya cha Mtoto wa Jicho: Barua ya Wazi kwa Wanaokibuni Bila Kutuuliza

Kwa Mwenyekiti na Wanakamati,
Kamati Simamizi ya Mradi wa Kifaa Kipya cha Upasuaji wa Mtoto wa Jicho,
Nairobi.

Waheshimiwa,

MINT: KIFAA KINACHOTARAJIWA KUJARIBIWA KWENYE MACHO YA WAGONJWA WETU

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi katika chumba cha upasuaji wa macho hapa Nairobi. Kazi yangu ni kuandaa meza, kumkabidhi daktari vifaa, kisha kuvikusanya, kuviosha, kuvihesabu na kuvirudisha kwenye otoklevu, mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke, kabla mgonjwa anayefuata hajaingizwa. Sitautaja mradi wenu kwa jina, wala hospitali mnayoshirikiana nayo, wala chuo cha ng'ambo kilichowaletea fedha. Wenyewe mtajitambua.

Naandika hadharani kwa sababu faraghani imeshindikana. Nilimwandikia mratibu wa mradi, nikajibiwa kwa ustaarabu kwamba maoni yangu "yatazingatiwa". Nilipouliza yamezingatiwa wapi, sikujibiwa tena. Mkuu wa idara yetu naye aliulizia kwa njia yake, akaambiwa mambo ya usafishaji yatashughulikiwa baadaye, kifaa kikishathibitika kwamba kinafanya kazi. Sasa tunasikia orodha ya wagonjwa wa majaribio imeanza kuandikwa. Hiyo baadaye itakuwa lini?

Kwanza haki itendeke. Kifaa chenu kina mazuri yake. Ni chepesi, kinatumia betri, na stima ikipotea katikati ya upasuaji hakizimiki kama zinavyozimika mashine kubwa huku sote tukisubiri jenereta ishike. Waya wake mwembamba unakikata kiini cha lenzi vipande vipande bila mtetemo wa altrasaundi, kwa hiyo hakuna ncha ya moto inayoweza kuunguza kingo za chale. Aliyelifikiria hilo ana kichwa, na nisingejisumbua kuandika kurasa zote hizi kuhusu kitu kisicho na maana.

Haja nayo ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 94 duniani hawaoni au wanaona kwa shida kubwa kwa sababu ya mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji wa dakika chache. Mwaka 2021 nchi wanachama, Kenya ikiwemo, zilikubaliana kwamba kufikia 2030 kiwango cha watu wanaofanyiwa upasuaji huo na kuona vizuri kiongezeke kwa pointi 30 za asilimia. Hatufiki huko kwa kukaa tu, hilo nalikubali. Ninayolalamikia ni haya.

1. Meza yenu ya ubunifu haina mtu anayeosha vifaa

Siku mliyokionyesha kifaa katika ukumbi wa hoteli, niliitwa kupanga meza yenye jicho la plastiki. Walioalikwa kutoa maoni walikuwa madaktari bingwa, wengi wao kutoka hospitali zenye mashine za hali ya juu, pamoja na wageni wa wafadhili. Wote ni watu wa kuheshimiwa. Lakini ukitoka kwenye hospitali kubwa za mijini, mkono unaotoa mtoto wa jicho katika nchi hii mara nyingi ni wa afisa wa kliniki aliyesomea upasuaji huo KMTC, chuo cha umma cha mafunzo ya tiba. Sikumwona hata mmoja wao. Fundi wa mitambo ya hospitali, ambaye ndiye ataitwa kifaa kitakapokufa, hakuwepo. Wauguzi tulikuwepo, tukishika trei.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, waheshimiwa.

2. Mrija wa kufyonzea hauwezi kusafishwa

Hapa naomba mnivumilie, kwa maana ndiyo roho ya barua hii.

Wageni walipokwenda kunywa chai nilikichukua kifaa, nikachukua sirinji ya mililita 10 yenye maji, nikajaribu kuyapitisha kwenye mrija wa kufyonzea kama ninavyofanya kila siku na vifaa vyetu. Maji yalitoka upande wa pili tone moja moja. Nikasukuma hewa, ikakwama, halafu ikatoka na povu. Mrija huo unaingia ndani ya mpini, unakata kona mara mbili kuikwepa mota, kisha unatokea kwenye ncha. Maungio yake yamebanwa kwa gundi. Haufunguki, brashi haipiti, wala huwezi kuuinua kwenye mwanga ukaona ndani kuna nini.

Linganisheni na kanyula ya Simcoe, kifaa cha mkono cha kuingiza na kufyonza maji jichoni, ambayo kila muuguzi wa macho anaijua. Ina mirija miwili mifupi. Upasuaji ukiisha tu, kabla jeli inayotumika ndani ya jicho haijakauka, naisukumia maji, kisha maji yaliyotoneshwa, kisha hewa mpaka isitoke hata unyevu. Nikiwa na shaka nairudia. Nikiwa na shaka bado, naitupa. Bei yake inaniruhusu kuitupa.

Kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu joto la otoklevu huua bakteria, lakini haliiondoi sumu inayobaki kutoka kwenye kuta za bakteria waliokufa. Wala haliondoi mabaki ya sabuni au ya jeli iliyokaukia mrijani. Vitu hivyo vikisukumwa ndani ya jicho la mgonjwa anayefuata, ndani ya saa 12 hadi 48 sehemu ya mbele ya jicho inavimba na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, inafanya ukungu kutoka ukingo hadi ukingo. Madaktari wanaiita TASS. Si maambukizi, na kwa hiyo dawa za kuua vijidudu hazisaidii. Ikiwa kali inaua seli zilizo upande wa ndani wa konea, na seli hizo za binadamu zikishakufa hazizaliwi nyingine. Mgonjwa aliyekuja kuondolewa ukungu wa lenzi anarudi nyumbani na ukungu wa konea, na tiba yake hapo ni kupandikizwa konea ya mtu mwingine. Nani atamtafutia?

TASS haina tabia ya kumpata mtu mmoja. Kifaa kikiwa kichafu, kinawapata waliofanyiwa upasuaji siku hiyo, mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio wa orodha.

Kisha kuna mwongozo wenu wa kusafisha. Unasema kifaa kichemshwe kwa mvuke wenye presha ya paundi 15 kwa inchi ya mraba, dakika 20. Aliyeuandika anaishi karibu na bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku yanachemka yakiwa na joto la kama nyuzi 94. Otoklevu za kisasa zinazopima joto zenyewe hazina taabu. Lakini kwenye kambi za macho, ambako mnasema ndiko kifaa hiki kitawafaa watu zaidi, tunabeba ile inayowekwa juu ya jiko la gesi, yenye geji ya presha peke yake. Ukiifikisha paundi 15 ukiwa Mombasa utapata nyuzi 121. Ukiifikisha hapo hapo ukiwa hapa utapata kama nyuzi 118. Sisi tunalijua hilo na tunaongeza presha. Muuguzi mpya atakayefuata mwongozo wenu neno kwa neno ataamini vifaa viko salama.

Na betri? Haiingii kwenye otoklevu. Mnapendekeza mpini uvalishwe mfuko wa plastiki. Mfuko huo hutobolewa na ncha pale ncha inapotokea, na maji ya upasuaji hushuka kuufuata mpini hadi kwenye mkono wa daktari, kisha hurudi. Jaribuni kwenye jicho la plastiki mkitumia maji yenye rangi, mtaona wenyewe yanakofika.

Sikuja na lawama peke yake. Mrija utolewe ndani ya mpini, upite nje. Uwe mnyoofu na mfupi, wa silikoni inayoonyesha ndani na inayostahimili nyuzi 134, uchomolewe kwa kuzungushwa robo ya mzunguko. Ukichakaa ununuliwe peke yake bila kununua kifaa kizima. Nililichora hilo nikamtumia mratibu wenu. Mchoro anao.

3. Macho mliyofanyia mazoezi si macho ya huku

Majaribio yenu yamefanywa kwenye macho ya nguruwe. Si kosa, kila chuo duniani hufundishia macho hayo. Lakini lenzi ya nguruwe wa kichinjioni ni laini, kwa kuwa mnyama huyo huchinjwa angali mchanga, na kifuko cha lenzi yake kinavutika kuliko cha mzee wa miaka 70. Mgonjwa wetu wa kawaida ni shosho aliyekaa nyumbani miaka akiambiwa ni uzee tu, mpaka kiini cha lenzi kikawa cha rangi ya kahawia na kigumu, au lenzi nzima ikawa nyeupe pepe, hata daktari hawezi kukiona kifuko mpaka akipake rangi ya buluu. Ukuta wa nyuma wa kifuko hicho una unene wa maikroni chache tu. Waya unaokata lenzi laini kama mchezo unafanya nini ukikutana na kiini kigumu na mkono wa daktari ukalazimika kuvuta kwa nguvu? Swali hili niliwauliza vijana wenu siku ile. Wakaniambia wana mpango wa kulichunguza. Lichunguzeni basi kabla ya kumlaza mtu mezani.

4. Bei mliyoitangaza haijahesabu kila kitu

Mnasema chale itakuwa ya kama milimita 3 badala ya 6 au 7 ya upasuaji wa mkono tunaoufanya sasa. Vizuri. Lakini lenzi ngumu ya plastiki tunayopachika, ambayo ndiyo ya bei nafuu, haipiti kwenye chale ya milimita 3. Ama daktari ataipanua chale, na faida yenu imekwisha, ama mgonjwa atanunua lenzi ya kukunjwa, ambayo ni ghali zaidi. Katika hesabu mlizozionyesha ukutani sikuiona lenzi hiyo.

Kuna na ncha ya kutumia mara moja. Kila mgonjwa ncha moja, ikiagizwa kutoka kwa mtengenezaji mmoja, na kifaa kimewekewa alama ya kielektroniki ili kikatae ncha ya mwingine. Nawaambia kitakachotokea kwa sababu nimeona kikitokea kwa vifaa vingine: fedha za kununulia zitachelewa, ncha zitakwisha, na watu watazichemsha na kuzitumia tena mpaka waya ukatike. Kisha kifaa kitafunikwa kitambaa na kupelekwa stoo, kikae na wenzake. Katika stoo yetu kuna mashine ya msaada ambayo haikuwahi kumgusa mgonjwa hata mmoja, na kila mwaka wa hesabu tunaihesabu.

Tangu Oktoba 2024 malipo ya matibabu ya umma yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Je, mmeketi nao mkajua ncha hii itaingia kwenye kifurushi kipi, au mgonjwa atatoa mfukoni?

5. Wagonjwa wa majaribio na ridhaa yao

Mnaandikisha wagonjwa kwenye kambi za bure. Mzee ambaye haoni mlango wa nyumba yake anaambiwa akikubali kifaa kipya atafanyiwa wiki hii bila malipo, na asipokubali asubiri foleni ya kawaida. Hiyo ni ridhaa ya namna gani? Azimio la Helsinki, la maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, lililorekebishwa Oktoba 2024, linataka washiriki wa utafiti na jamii zao washirikishwe kwa dhati kabla ya utafiti, wakati wa utafiti na baada yake. Kumwekea mzee karatasi ya kutia kidole gumba hakufiki hapo.

Nina maswali ambayo fomu yenu haiyajibu. Kifuko cha lenzi kikipasuka na ute wa nyuma ya jicho ukaja mbele, au kipande cha kiini kikazama kule nyuma, mgonjwa atahitaji daktari wa retina na mashine yake. Gharama hiyo mmeiweka kwenye bajeti? Mtu ambaye jicho lake la pili lilishapofuka kabisa, na hilo moja ndilo amebaki nalo, mtamkubali kwenye majaribio? Kwa maoni yangu asikubaliwe kamwe, na fomu haimkatazi. Na mradi ukifungwa, simu ya mgonjwa atakayeumwa miezi sita baada ya upasuaji itapokewa na nani?

6. Umiliki

Kwa ufupi tu. Michoro, picha za video za upasuaji na mapendekezo ya madaktari wa hapa vinakusanywa. Tunaomba kujua hakimiliki na hataza zitaandikishwa kwa jina la nani na wapi. Kifungu cha 11 cha Katiba ya Kenya kinaitaka Serikali itambue mchango wa sayansi na teknolojia za kienyeji na kukuza haki za ubunifu za watu wa Kenya. Wazo likitoka kwenye theta, yaani chumba cha upasuaji, ya Nairobi, lirudi na jina lake.

Sasa nijibu mapema mtakayoyasema, maana mengine nimeshayasikia.

Mtasema kuna haraka, watu wanapofuka kila siku. Kweli wanapofuka, ila hawangoji kifaa chenu ndipo watibiwe. Upasuaji wa mkono wa chale ndogo upo, haushonwi uzi na hauhitaji stima zaidi ya ile ya darubini. Mwaka 2007 Sanduk Ruit na wenzake walichapisha utafiti kutoka Nepal wa wagonjwa 108, nusu wakifanyiwa kwa mashine ya altrasaundi na nusu kwa mkono. Baada ya miezi 6, asilimia 98 ya kila kundi, wakipimwa kwa miwani inayowafaa, walikuwa wakiona vizuri kwa kipimo cha 20/60 au zaidi, na ule wa mkono ulikuwa wa haraka na wa gharama ndogo zaidi. Kinachochelewesha foleni hapa kwetu ni uchache wa wapasuaji, lenzi na seti za vifaa, na nauli ya mgonjwa kutoka kwao hadi hospitali. Fedha za ncha zenu chache zingenunua seti nzima za kutosha, lakini hilo ni jambo la siku nyingine.

Mtasema kifaa kiko hatua za mwanzo, kasoro zitarekebishwa mbele ya safari. Kona mbili ndani ya mpini hazirekebishwi mbele ya safari. Mkishatengeneza kalibu ya kiwandani na kupata kibali kwa umbo hilo, kubadilisha umbo ni kuanza upya, na hakuna mfadhili atakayekubali. Mrija hurekebishwa sasa, ungali kwenye karatasi.

Mtasema wahudumu wa afya huogopa mageuzi. Sisi ndio tuliojifunza fako, yaani upasuaji wa mashine ya altrasaundi, tukajifunza lenzi za kukunjwa, na tunajifunza kila mashine inayoshushwa mlangoni, mara nyingi bila mwongozo.

Na kuna jibu ambalo hamtalisema kwa sauti, kwamba muuguzi ashike kazi yake, ubunifu ni wa wataalamu. Hapo naomba niwakumbushe historia ya fani hii yenyewe. Tarehe 29 Novemba 1949, Harold Ridley alipachika lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa katika hospitali ya St Thomas', London. Alikuwa amewaona marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki ya vioo vya ndege machoni, na macho yao yakavivumilia. Lakini inasimuliwa kwamba kilichomsukuma ni swali la mwanafunzi aliyekuwa akitazama upasuaji, aliyeuliza kwa nini lenzi iliyotolewa hairudishiwi nyingine. Wakubwa wa fani walimpinga Ridley kwa miaka mingi. Charles Kelman naye, aliyeleta upasuaji wa altrasaundi mwaka 1967 huko New York, wazo alilipata akiwa amelala kwenye kiti cha daktari wa meno, akisafishwa meno.

Tena angalieni hospitali za Aravind, zilizoanzishwa Madurai, India, mwaka 1976. Kila mtu huja kutoka huko akisifu kasi ya madaktari. Kasi ile inawezekana kwa sababu daktari ana meza mbili, na wauguzi waliofunzwa wanamwandaa mgonjwa wa pili wakati wa kwanza anamaliziwa, vifaa vikizunguka bila kukosea. Mwaka 1992 wakafungua kiwanda chao, Aurolab, na lenzi iliyokuwa ikiuzwa takriban dola 100 ikashuka hadi kama dola 10, baadaye chini ya hapo. Waliianza hesabu yao kwenye meza ya upasuaji na mfuko wa mgonjwa, ndipo wakaenda kiwandani. Ninyi mmeanzia kiwandani.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunaomba yajibiwe moja moja:

(a) Majaribio kwa wagonjwa yasimamishwe mpaka mrija wa kufyonzea uweze kufunguliwa, kusafishwa na kukaguliwa kwa macho, na mpaka usafi huo upimwe maabara baada ya kifaa kutumika na kuoshwa mara nyingi na wauguzi wa hapa, kwa sabuni na maji tunayoyatumia sisi.

(b) Kamati ya ubunifu iongezwe muuguzi wa theta ya macho, afisa wa kliniki anayefanya upasuaji wa mtoto wa jicho, na fundi wa mitambo ya hospitali. Wawe na kura, na walipwe kama wanavyolipwa wanakamati wengine. Asiteuliwe mimi kama hilo ndilo linalowatia shaka. Wapo wengi wanaonizidi ujuzi.

(c) Mwongozo wa kusafisha uandikwe upya kwa vipimo vya joto, na utaje wazi marekebisho ya presha kwa nyanda za juu.

(d) Kifaa kijaribiwe kwanza kwenye lenzi ngumu, na matokeo yatolewe hadharani hata yakiwa mabaya.

(e) Bei kamili kwa mgonjwa mmoja itangazwe, ikiwa na ncha, lenzi ya kukunjwa na matengenezo. Alama ya kielektroniki inayozuia ncha za wengine iondolewe.

(f) Ridhaa itafutwe upya kwa kila aliyekwisha kuandikishwa, foleni ya upasuaji wa kawaida isitumiwe kama kishawishi, wenye jicho moja linaloona wasihusishwe, na kuwe na bima ya matatizo itakayodumu baada ya mradi kufungwa.

(g) Mkataba wa umiliki uonyeshwe. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari tunazozihitaji ili kulinda haki nyingine, na kifungu cha 43 kinataja haki ya afya. Tukilazimika tutaviegemea vyote viwili.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu leo. Yasipofika, barua hii pamoja na mchoro wangu na mwongozo wenu wa kusafisha vitapelekwa kwa kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti, na kwa Bodi ya Dawa na Sumu, inayoidhinisha majaribio ya namna hii na kusajili vifaa vya tiba nchini.

Kama mngependa kuzungumza kabla ya siku hizo kwisha, Ijumaa alasiri theta yetu huwa haina orodha ya wagonjwa. Njooni na wahandisi wenu na kifaa kimoja kilichotumika. Tutawapa glavu, brashi, sirinji na sabuni ileile tunayotumia, na mmoja wenu akisafishe huku sisi tukitazama saa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa huwa tuna dakika 20.

Wenu katika kazi,

Muuguzi, chumba cha upasuaji wa macho,
Nairobi.